Jani la Sale Kutoka Kaburini

Haya wanangu, nitegulieni hiki: amelala kwake miaka mia na ishirini na zaidi, na bado hajafika nyumbani. Mkishindwa sitaki mji, nitawaambia bure.

Ni babu yake Baba Mkubwa Primus. Wajerumani walimnyonga, wakatuachia kiwiliwili tukakizika hapa mgombani Kibosho. Kichwa wakaenda nacho kwao, wakipime waone kama mtu mweusi ni mtu kamili.

Mwaka juzi walikuja kumpangusa Baba Mkubwa mate kwa kijiti cha pamba, walinganishe na mafuvu waliyonayo. Ana miaka tisini na mbili. Tangu siku ile akawa kila asubuhi anauliza kama kuna barua, nami namwambia labda kesho.

Juma lililopita akaja mama mmoja wa serikali yao, na bwana mmoja kutoka Moshi wa kumtafsiria. Yule bwana ni Mchaga mwenzetu. Alikuwa amemfundisha yule mama kwamba huku mwenye kosa huja na jani la sale lililofungwa fundo, na aliyekosewa hawezi kukataa. Basi yule mama akapiga magoti kwenye tope, akamnyooshea Baba Mkubwa jani kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka. Sikuona kama anaigiza.

Akasema wanaomba msamaha. Kuhusu kichwa, akasema maboksi ni maelfu, mengi hayana majina, na mate hayakulingana na fuvu lolote. Bado wanatafuta. Kisha akauliza, "Mzee, unatupokea?"

Baba Mkubwa aligeuza lile jani, akamuuliza yule bwana wamelikata wapi.

"Hapo tu, Mzee. Kwenye yale masale karibu na migomba."

Nikashika mdomo. Yale masale aliyapanda bibi, mjane wa yule aliyenyongwa, juu ya kaburi la mumewe.

Yule bwana akaona nyuso zetu, akainamisha kichwa. Mgeni alikuwa bado amepiga magoti, haelewi, anasubiri. Baba Mkubwa akamshika mkono, akamwinua, akaniambia nimletee kiti na maziwa. Mgeni akanywa mpaka kibuyu kikaisha.

Ndipo Baba Mkubwa akamrudishia yule bwana jani.

"Mwambie, hili amelitoa babu. La kwao bado sijaletewa."