Mashine Iliyokosa Pumzi

Kinyozi mmoja alijaliwa pacha, na pacha wakamletea mama mkwe. Wote watatu waliingia nyumbani kwake katika juma moja la mvua, na tangu hapo jina lake likafutika. Kwa majirani, kwa wateja, hata kwa mkewe, akawa Baba Pacha. Hakulalamika. Mtoto mmoja ni mgeni. Wawili ni serikali.

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani mstaafu, mwanamke mwembamba mwenye macho ya kuuona mshono uliopinda kutoka ng'ambo ya barabara. Hakuwa mkali. Alikuwa mpole, ila upole wake ulimtia mkwewe hofu kuliko ukali wa watu wengine. Alipotua tu begi lake alimwambia bintiye, "Wewe lala, kula, nyonyesha. Nguo niachie mimi."

Na nguo zilikuwepo! Nepi za vitambaa, shuka, vijishati vya ukubwa wa kiganja, mataulo yasiyokwisha. Nje mvua haikuwa na habari ya kukatika, kwa hiyo tegemeo lao likawa mashine ya kukaushia nguo iliyokaa katika chumba chembamba cha kufulia, nyuma ya jiko.

Nayo mashine ikaanza visa. Dakika za mwanzo ilitoa joto zuri, kisha ikaendelea kuzungusha nguo kwa hewa baridi. Ukiiacha ipumzike, joto linarudi. Ukianza kufurahi, limekwenda. Kuta za chumba zikatoka jasho. Kamba zikafungwa sebuleni, ikawa mtu hawezi kwenda kunywa maji bila kuinama kama mwizi.

"Baba Pacha," mama mkwe akasema asubuhi moja, akimnyooshea nepi. "Hebu shika."

Akashika.

"Imekauka?"

"Bado, Mama."

"Imezunguka tangu alfajiri. Mashine yako hii ni kama mgeni wa harusi. Kucheza inacheza, vyombo haioshi."

Baba Pacha akampigia simu fundi wa umeme. Fundi alikuwa safarini, angerudi juma lijalo, lakini kwa maelezo aliyoyasikia alihisi waya wa kupasha moto umeungua. Baba Pacha akashukuru, akakata simu, akabaki anaitazama mashine. Jambo halikumkaa vizuri. Waya ukiungua umeungua. Hauungui asubuhi ukapona mchana.

Ndipo akakumbuka draya ya nywele pale kinyozini kwake. Iliwahi kumfanyia mchezo huohuo: inapuliza moto, inazimika katikati ya kichwa cha mteja, ikipoa inawaka tena. Aliulaumu umeme, akamlaumu aliyemuuzia, mpaka siku alipoigeuza nyuma akakuta kiwavu chake kimezibwa na nywele. Hewa haipiti, joto linajaa ndani, na kiswichi cha usalama kinakata moto kabla haijaunguza kitu. Alipokisafisha kile kiwavu, maneno yakaisha.

Na hii kubwa je, si draya tu yenye tumbo la kubebea nguo? Lazima ivute hewa, iipashe moto, iipitishe katikati ya nguo na kuitoa nje pamoja na unyevu. Kabla hewa haijatoka inapita kwenye chujio linalonasa vumbi la nguo. Na hapo ndipo mtihani ulipomkalia shingoni, maana chujio lilikuwa mikononi mwa mama mkwe.

Alizunguka jikoni. Akapanga vikombe vilivyokwisha kupangwa. Mwishowe akasema, "Mama, samahani. Lile chujio la mashine... huwa linasafishwa?"

Mama mkwe akaweka chini kikapu.

"Unaniuliza mimi?"

"Nauliza tu, Mama."

"Kila nikitoa nguo. Njoo uone."

Akalichomoa chujio, akalinyanyua mbele ya dirisha. Lilikuwa safi, halina hata unyuzi. Baba Pacha akatamani sakafu immeze. Lakini akili ikamwambia kwamba vumbi siyo kizibo pekee. Akaliomba kwa mikono miwili, akalipeleka bombani, akafungulia maji kidogo.

Maji yakatuama juu ya wavu kama kwenye sahani.

"Yamekaa," mama mkwe akasema.

"Yamekaa, Mama."

"Wavu gani huo unaoshika maji?"

Baba Pacha akaunusa. Ulinukia maua, harufu ileile iliyojaa nyumba nzima tangu mama mkwe afike na chupa yake kubwa ya dawa ya kulainisha nguo, aliyoimimina kwa moyo mkunjufu ili nepi zisiwachubue wajukuu. Akaugusa wavu kwa kidole. "Nafikiri kuna kitu kama mafuta. Kinaganda kidogo kidogo, macho hayakioni."

Mama mkwe akaunusa naye.

"Sema tu, mwanangu. Ni dawa yangu."

"Sikusema, Mama."

"Uso wako umeshasema, umemaliza, umekaa."

Akalichukua chujio, akalisugua mwenyewe kwa maji ya moto, sabuni na mswaki mkuukuu, taratibu, asiuchane wavu. Walipolirudisha bombani maji yakapita moja kwa moja.

Mashine ikapata nafuu, lakini si kupona. Ilienda na joto kwa muda mrefu zaidi, kisha ikapoa tena. Baba Pacha akachukua mwavuli, akazunguka nyuma ya nyumba pale hewa inapotokea ukutani. Kifuniko cha tundu kilipaswa kuinuka kwa upepo wa mashine. Kilikuwa kinatetemeka tu. Akaweka kiganja. Hewa ilikuwa dhaifu kama pumzi ya mtu aliyelala.

Akarudi ndani, akachomoa plagi, na wote wawili wakaivuta mashine kutoka ukutani. Mama mkwe akamulika kwa tochi ya simu. Kule nyuma, bomba jembamba la kutolea hewa, la rangi ya fedha, lilikuwa limebanwa likalala bapa kama dawa ya meno iliyokwisha.

"Eti, nani aliyelibana hivi?"

Baba Pacha akajua papo hapo. Mashine aliisukuma yeye, kwa nyonga, siku alipokuwa akipitisha godoro la mama mkwe kwenye kijia kile.

"Mimi, Mama."

"Aa. Basi tumetoka sare." Na kwa mara ya kwanza tangu aje, akacheka mbele yake, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega.

Baba Pacha akalegeza kifungo cha bomba kwa bisibisi. Mabonge ya kijivu yakamwagika, laini kama paka. Mama mkwe akalichambua moja kwa vidole. "Hili taulo. Hili flaneli. Huu wekundu ni soksi za mke wako." Kisha uso ukatulia. "Karakana yetu iliwahi kushika moto kwa uchafu kama huu, chini ya meza ya pasi. Vumbi la nguo likishika halipigi hodi. Hatukupoteza mtu, lakini mbio tulizokimbia bado ziko miguuni."

Basi hawakuacha kitu. Walipiga brashi nafasi ya chujio, wakafagia uvunguni mwa mashine, na Baba Pacha akatoka kwenye mvua kwenda kusafisha kile kifuniko cha nje. Bomba lilikuwa limepasuka pale lilipokunjika, ikabidi wapate jipya, gumu kidogo. Mama mkwe akavua futi yake shingoni, akapima mwenyewe kutoka mashine hadi ukutani.

"Likizidi litajikunja tena," akasema.

"Kama suruali."

"Kama suruali, mkwe wangu. Umeanza kujifunza."

Walilifunga, wakaacha nafasi ya kutosha nyuma, na Baba Pacha akaweka gogo dogo sakafuni ili nyonga ya mtu isirudie kosa. Mama mkwe akataka kushindilia kikapu kizima. Mkwewe akamwambia nguo zinahitaji nafasi ya kuangukia, hewa ipite kati yake. Mama akatoa nusu, akaiwasha mashine.

Kule nje, mkwewe alikokwenda kutazama, kifuniko kiligonga, kikainuka, kikakaa juu. Hewa ya moto ikampiga Baba Pacha usoni. Alisimama pale na mwavuli wake muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nepi zilipotoka, mama mkwe aliweka moja shavuni, akafumba macho.

"Fundi amekuja?" mkewe akauliza kutoka chumbani.

"Hajaja," mama mkwe akajibu.

"Sasa nani ametengeneza?"

"Mimi. Mume wako alinishikia tochi."

Baba Pacha akapangusa vumbi viganjani. "Ni kweli," akasema. "Mama alinielekeza vizuri sana."

Mkewe akacheka kwa sauti, na kicheko kikamwamsha pacha mmoja, naye akamwamsha mwenzake. Mama mkwe hakushtuka. Alimaliza kukunja, akampa mkwewe nepi zote mikononi, zikiwa bado na joto, akamgeuza kwa bega kuelekea chumbani.

"Wahi," akasema. "Mimi nakwenda kuzikata kamba za sebuleni."