Mafuta ya Kulinganishia

Wiki baada ya wiki sampuli za shamba kubwa la michikichi zilitoka safi, safi kupita kiasi, hata mkuu wa maabara akaanza kukuna kidevu.

"Binti, hebu pima yale mafuta ya kulinganishia peke yake," alimwambia mpimaji wake kijana. "Tusije tukawa tunajidanganya."

Mafuta ya kulinganishia yalikuwa mawese ya kwao binti huyo. Mashine inayotafuta mabaki ya dawa za wadudu huonyeshwa kwanza mafuta yasiyo na dawa, na kinachozidi hapo ndicho kinachohesabiwa. Yeye mwenyewe alijitolea kuleta dumu kutoka nyumbani, kwa kuwa michikichi ya baba yake haikuwahi kuonja dawa. Hakuna aliyeona haja ya kuyapima. Mama alitamba mtaa mzima kwamba maabara nzima inategemea mafuta yake.

Mashine ikachora mstari. Mstari ukanyanyuka palepale ulipopaswa kulala. Akarudia, ukanyanyuka tena. Hakusikia chochote moyoni. Aliosha chupa, akazipanga, akatoka nje kupiga simu.

"Shikamoo baba. Michikichi uliipiga dawa?"

"Marahaba, mama. Dawa gani? Aa, ile ya wadudu wa kwenye makuti! Kidogo tu, mwaka jana. Mvua imeshaiosha."

"Mvua haiioshi, baba. Hiyo haipendi maji. Inaingia kwenye mafuta, inakaa."

"Hee! Kumbe dawa nayo inachagua pa kulala?" Alicheka peke yake.

"Mtoto wa dada anakula mafuta hayo?"

"Bibi yake anamtilia kwenye uji kila siku. Si wewe uliyesema ni safi?"

Ndiye yeye aliyesema. "Mpe mama simu."

Kandambili zilisikika zikiburuzwa sakafuni.

"Mtaalamu wangu!"

"Mama, usimpe tena mtoto yale mafuta."

"Mbona ameshakula? Amelamba mpaka kijiko."

"Sawa," alijibu, kama mtu aliyetajiwa saa. "Mpeleke kliniki leo, wamwangalie."

"Kwani ana nini?"

"Sijui, mama. Labda hana kitu."

"Labda?"

Mama akakata simu kwenda kumvalisha mtoto viatu. Naye akarudi ndani, akavaa glavu mpya, akamwambia mkuu kwamba majibu yote ya shamba kubwa yafutwe, waanze upya.