Hatua Thelathini za Methusela

Siku hizi ukipanda Miyuji kutoka mjini utakuta nyumba zimebanana, kuta za matofali na mageti ya chuma, na mtu akilipua fataki tu ya sikukuu majirani wanatoka nje kuuliza kuna nini. Mwaka wa tisini na tatu pale palikuwa na mahindi na mtama mpaka chini ya vilima vya mawe, na juu ya vilima walikuwako nguruwe pori, wamelala mchana kutwa wakingoja mahindi ya watu yakomae. Msafiri Swedi aliishi mjini, lakini alikuwa na ekari tatu huko, na bunduki ya mitutu miwili aliyoirithi kwa baba yake. Shamba lililopakana na lake lilikuwa la Methusela, Mgogo mrefu kama nguzo ya simu, na huyo ndiye aliyekuwa mtani wake.

Utani wao ulikuwa mkubwa kuliko umri wao. Mababu wa Msafiri walikuwa Wanyamwezi, wapagazi wa misafara ya pembe za ndovu, na misafara ile haikuvuka Ugogo bila kulipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi. Miaka mia baadaye Methusela alikuwa bado anadai. Kila Msafiri alipotokea mjini na baiskeli yake, Methusela alisimama katikati ya njia, akamsalimu kwa Kigogo na kunyoosha mkono.

“Mbukwa, mpagazi. Toa hongo ndiyo upite.”

Msafiri alimtilia ugoro kiganjani, akamwambia mkono huo umezoea kukinga kuliko kulima, nao wakaenda zao shambani.

Na kila mwezi wa pili, mahindi yakiwa bado hayajabeba, walikuwa na siku yao ya kujaribu risasi. Siku hiyo Msafiri aliipenda kuliko sikukuu, ingawa asingethubutu kumwambia hivyo Joha, mkewe. Walianza mwanzoni mwa miaka ya themanini, enzi ya foleni, ya sabuni kwa mgawo na sukari kwa kujuana. Risasi zilitoka duka moja tu la serikali, kwa kibali cha polisi, na aina ilikuwa moja: ile iliyopo. Ukipata kumi kwa mwaka unashukuru. Halafu uchukue mbili kati ya hizo kumi ukalipige gunia? Watu wa Miyuji waliwaona wana wazimu.

Lakini baba yake Msafiri alimwachia maneno pamoja na bunduki: kila bunduki ina chakula chake. Risasi ya marisau si kama ile ya bunduki ya vita, inayotoka moja na kufika moja. Ndani ya ganda mna vidonge, ndiyo marisau yenyewe, na vikishatoka mdomoni mwa mtutu vinaanza kuachana. Vikiachana mapema, nguruwe anapata viwili vya kumkasirisha. Lazima ujue bunduki yako inavituma vipi kabla nguruwe hajakufahamisha yeye.

Basi walitundika gunia kati ya miti miwili. Methusela alichora nguruwe kwa mkaa, kwa sababu Msafiri aliapa mkono wake hautamchora mnyama yule. Na Methusela, Mwanglikana aliyekula nguruwe wote walioangushwa na bunduki ya Mwislamu, alimchora mnene zaidi kila mwaka. “Unamchora au unamla?” Msafiri alimwuliza. Kifuani walizungusha duara kwa mdomo wa sufuria. Kisha Methusela alipima hatua thelathini, maana thelathini ndiyo nafasi iliyokuwapo kati ya dungu lao la kulindia na ukingo wa shamba walikotokea nguruwe. Sheria ilikuwa marisau matano ndani ya duara. Yakipungua, hupigi mpaka mnyama asogee. Mwaka mmoja Msafiri aling'ang'ania kupima yeye, na nafasi ile ile ikamla hatua thelathini na nane. Methusela alicheka wiki nzima. Alisema miguu ya wapagazi ilifupishwa na mizigo.

Wakimaliza walikaa chini ya dungu, masikio bado yanavuma, wakala viazi vya kuchemsha alivyofungasha Joha, na mwaka sukari ilipopatikana, maandazi. Gunia halikutupwa. Joha alilishona matundu kwa shazia, likasubiri mwaka unaofuata, mpaka likawa na mishono mingi kuliko kitambaa. Walikuwa maskini wa kila kitu wakati ule, na Msafiri hakumbuki kama aliwahi kuwa na furaha kubwa zaidi.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa mitumba, redio za kaseti, sabuni za rangi ambazo hakuna aliyejua majina yake. Kwa Imrani, mfanyabiashara wa mjini mwenye leseni ya kuuza risasi, maboksi yalipangwa ndani ya kabati la kioo kama vikombe vya bibi harusi. Msafiri alilewa wingi. Alichagua boksi linalong'aa kuliko yote, na Methusela alipouliza siku ya kujaribu ni lini, akamjibu kwamba kujaribu ni mambo ya foleni, bidhaa ya Ulaya haijaribiwi. Alisema hivyo huku akijiona mjanja.

Alfajiri moja ya mwezi wa nne, dume la nguruwe lilitokea ukingoni mwa shamba. Msafiri alipiga kutoka kwenye dungu. Lilipiga ukelele likaingia kichakani, na Methusela akashuka kufuata damu, kwa sababu mnyama aliyejeruhiwa haachwi porini wanakopita akina mama wa kuni. Lilimtokea ubavuni. Pembe ya mdomo ilimchana paja kutoka karibu na goti hadi kiunoni.

Alilala hospitali miezi mitatu. Msafiri alifanya yote anayopaswa kufanya mtu, isipokuwa moja. Alimlimia shamba, alimpelekea uji asubuhi na nyama jioni, aliezeka upya nyumba yake. Hakuwahi kusema kosa lilikuwa lake. Kila alipolifungua domo lake, lilitoka jambo jingine: mvua, bei ya mahindi, afya ya mama Charles, mke wa Methusela. Naye Methusela alipotoka hospitali hakudai hongo tena. Alisogea pembeni ya njia, akasema, “Karibu, bwana Msafiri.” Mtani akikuita bwana amekufungia mlango. Miezi saba Msafiri alibisha mlango huo kwa zawadi, na miezi saba alijibiwa kwa adabu.

Kwa hiyo mwezi wa pili ulipofika, alimwomba Imrani ampimie kwanza risasi tano za boksi jekundu na tano za boksi la kijani. Zilizobaki kwenye kibali angezichukua zote za aina moja, ile itakayoshinda. Nyekundu zilikuwa na marisau tisa manene kama mbaazi. Za kijani yalikuwa madogo kidogo, lakini mengi. Akamtumia Methusela neno kwamba siku ya kujaribu imerudi, akapanda nazo Miyuji.

Methusela alikwisha kutundika gunia. Nguruwe alikuwa amechorwa mwembamba, kama wa mtu anayechora kwa kuagizwa.

“Nikupimie, bwana Msafiri?”

“Pima tu.”

Methusela alianza kuhesabu kwa sauti, akitazama mbele. Msafiri alijishughulisha na maganda ili asitazame ule mguu. Walipofika thelathini, aliweka risasi nyekundu, akasema Bismillahi, akapiga. Matundu manane ndani ya duara. Akajaribu ya kijani: tisa, lakini marisau madogo hayakuzama sana kwenye ubao waliouegesha nyuma ya gunia. Ile nyekundu ilikuwa imeutoboa ukawa kama chujio. Haijapata kutokea, hata enzi za duka la serikali.

“Nyekundu,” alisema Msafiri. “Nitamwambia Imrani anifungie nyekundu.”

“Ni nzuri,” alisema Methusela.

Msafiri aligeuka kutoka kwenye gunia, akarudi kuchukua bunduki yake pale alipoiegesha. Alitembea akiwa na furaha, na kama ilivyo kawaida ya mtu mwenye furaha, miguu ikajihesabu yenyewe. Alipoigusa bunduki alikuwa amefika thelathini na moja.

Alisimama. Thelathini na moja, si thelathini na nane, naye hajarefuka. Alitazama nyuma na kuona jambo ambalo angepaswa kuliona tangu mwanzo, kwamba gunia lilikuwa karibu mno. Thelathini za Methusela hazikuwa tena thelathini. Paja lililoshonwa lilikuwa limemwibia karibu sehemu ya tano ya kila hatua, na risasi nyekundu ilikuwa imeshinda mashindano ya uongo.

Angeweza kunyamaza. Njia ilikuwa nyeupe: arudi kesho peke yake, apime kwa miguu yake, achague upya, na Methusela asijue kamwe. Angesema tu Imrani ameishiwa nyekundu. Ingeonekana heshima, hata kwake mwenyewe. Lakini Msafiri alijua harufu ya heshima ya namna ile. Alikuwa ameipika mwaka mzima na kuipeleka asubuhi na jioni.

“Methusela,” aliita. “Hatua zako zimepungua.”

Methusela hakugeuka. “Zimepungua ngapi?”

“Kwa miguu yangu, saba.”

“Nilidhani tano.”

“Ulijua?”

“Mguu ni wangu, bwana Msafiri. Nisijue mimi, ajue nani?”

“Na ulikuwa unaniacha ninunue?”

“Leo nisingekuacha uondoke nazo. Ila nilitaka kuona kama utasema.” Sasa aligeuka. “Mwaka mzima umepita kando ya mguu huu kama watu wanavyopita kando ya nyumba yenye ukoma. Uji umeleta. Bati umeleta. Nikasema, huyu ananifanyia kama mwenye lori aliyemgonga ng'ombe wa watu. Analipa ili asishuke kwenye gari.”

Maneno ambayo Msafiri alikuwa ameyabeba mwaka mzima yalikuwa machache kuliko alivyodhani.

“Sikujaribu zile risasi,” alisema. “Uliniuliza, nikakudharau. Mguu huo niliukata mimi, si nguruwe. Nisamehe.”

Methusela aliokota kijiti, akamtupia.

“Chomeka hapo ulipo, kisha uje uanzie hapa kwenye gunia. Thelathini na nane. Na usiniibie hata moja.”

Msafiri alipima. Ile ya thelathini na nane ilimpeleka mbali nyuma ya kile kijiti, mpaka kwenye nyasi zilizomwasha miguu. Alipiga nyekundu mbili, Methusela akichechemea kwenda kusoma kila baada ya mlio, bila kujificha tena.

“Matatu,” alisoma ya kwanza. Na ya pili, “Manne.”

Kisha za kijani: saba, na saba tena, yamekaa pamoja kifuani, na ubao nyuma umeliwa vya kutosha. Hapakuwa na haja ya kubishana. Msafiri aliifungua bunduki, akatoa maganda yanayofuka, akaja mpaka kwenye gunia. Methusela alikuwa ameingiza kidole kwenye tundu moja la nyekundu, lililopita mbali juu ya mgongo wa nguruwe.

“Kwa hiyo ungenyamaza, ungenunua hizi.”

“Ningenunua.”

“Nguruwe angerudi kuufuata mguu wa pili.”

“Methusela, nakuomba.”

“Sasa unaniomba nini? Ningekuwa na miguu miwili mifupi, sawasawa, ya Kinyamwezi kabisa. Nikifa mngeniona ndugu yenu, mnizike Tabora, na kule mimi sina hata mbuzi.” Alitoa kidole tunduni, akamtazama usoni. “Unasemaje, mpagazi?”

Katika utani, anayekosa jibu ameshindwa, na katika miaka ishirini Msafiri hakuwahi kukosa. Alitafuta. Alisimama pale mbele ya mtani wake, bunduki tupu mkononi, machozi yakimshuka waziwazi mchana kweupe, na hakujibu kitu.