Mashuka Kwenye Roshani

Ukweli usemwe: ile hoteli ilikuwa nzuri. Maji ya moto yalitoka ukigusa bomba tu, na magoti ya Mama Dobi, yaliyochoshwa na miaka thelathini ya kufua nguo za watu, yalilala usiku wa kwanza bila kulalamika. Na lile godoro! Ukililalia unazama, ukitaka kuamka lazima mjadiliane kwanza.

Lakini raha nayo ina kero zake. Kuzima taa tu kulihitaji elimu. Chai ililetwa na mtu mwenye tai. Ukimshukuru anakushukuru, ukimshukuru tena anakushukuru tena, mpaka chai inapoa. Na kubwa zaidi, hakukuwa na kazi. Kitinda, mwanawe wa mwisho, aliyerudi kutoka ughaibuni baada ya miaka sita, alimchukulia chumba kando ya chake. "Pumzika, mama," alimwambia. Kupumzika kukamtoa jasho, maana hakuja kupumzika. Alikuja na ombi moja tu: mtoto alale nyumbani, japo usiku mmoja, kabla ya kupanda ndege kurudi alikotoka. Chumba chake alishakipaka rangi.

Asubuhi ya pili akavua mashuka, akayafua kwenye beseni la kuogea, akayaanika roshani upande wa barabarani. Dobi hamwachii dobi mwenzake uchafu. Haukupita muda, msimamizi akabisha hodi, Kitinda nyuma yake.

"Mama, hapa kuna watu wa kufua," Kitinda akasema.

"Najua. Ndiyo kazi iliyokusomesha."

Msimamizi akaondoka na mashuka yanayochuruzika maji, uso umemvimba. Kitinda akacheka, mara ya kwanza tangu afike, na mama akaona ndiyo nafasi yake.

"Basi twende nyumbani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hawa hata jembe hawana."

Kicheko kikakatika.

"Siwezi, mama."

"Kama ni choo, nimekitengeneza."

"Si choo." Akaketi kwenye godoro tupu. "Baba alifia mle, na mimi sikuja hata kumzika. Hapa napata usingizi kwa sababu simjui yeyote aliyewahi kulala humu. Nikiingia kule nitamtafuta."

Ilimchoma mama. Miaka miwili tangu msiba alikuwa amemhifadhia lawama, kazipanga vizuri moja moja, na leo hakuona hata moja ya kumtolea. Alitaka kusema yamepita. Hayakuwa yamepita, hata kwake.

"Haya, nirudishe," akasema.

Gari likasimama mbele ya nyumba. Kitinda hakuzima injini, mikono yake imeng'ang'ania usukani. Mama Dobi akashuka bila kumsihi, akaingia ndani, akatoka na vigoda viwili. Akaviweka nje kabisa, ukingoni mwa barabara, akaketi kwenye kimoja.

"Kama huwezi kuingia, tutakaa huku," akamwambia.

Injini ikaendelea kunguruma kwa muda, kisha ikazimwa. Kitinda akashuka, akaketi kando ya mama yake, akaipa nyumba mgongo. Hakugeuka hata mara moja, na mama hakumgeuza, mpaka saa ya ndege ikafika.