Kitanda Kilichoelekezwa Kibla

Mwaka wa pili wa uhuru, Mwanasha mke wa Kibwana alilazwa hospitali, uvimbe wa saratani umembana shingo hata Daktari Baya akalazimika kumtoboa koo na kumtia bomba. Bomba hilo liliungwa kwa mpira na mtungi wa hewa, mrefu kama mtu mzima na mzito kuliko watu wawili.

"Bwana Kibwana," alisema daktari, "dawa imefika kutoka Nairobi. Ni kali. Kwa mgonjwa anayepumua kwa mtungi, yaweza kuumaliza uvimbe, na yaweza kummaliza yeye kwanza. Nipe jibu nikirudi."

Kibwana aliogopa. Alizoea kumwuliza mkewe kila jambo, hata bei ya nazi, na sasa wa kuulizwa hana sauti. Akatoka kwenda kuswali.

Aliporudi aliwakuta jamaa kutoka Vanga, wakiongozwa na Biasha, dada mkubwa wa Mwanasha, sanda kwapani. Walikuwa wamekwisha kukata tamaa. Kama ilivyo ada kwa anayekata roho, wamekigeuza kitanda ili mgonjwa aelekee Kibla. Hakuna aliyeutazama mpira. Ulikuwa umechomoka, unapuliza sakafu, na midomo ya Mwanasha imeanza kugeuka rangi.

Kibwana aliuokota. Haukufika tena kooni.

"Usimwondoe Kibla, shemeji," alisema Biasha. "Mwache aende kwa heshima."

"Simwondoi."

Akaukumbatia mtungi, akauburura kuzunguka kitanda, akaupachika mpira. Jamaa walimpisha kwa adabu, kisha wakaendelea na Yasini.

Daktari aliingia, akatazama kitanda, mtungi, na sanda.

"Mmeamuaje?"

"Abaki ameelekea Kibla," alisema Kibwana, angali anahema. "Nawe mtie dawa."

Daktari akamdunga sindano.

Dawa ilimtapisha, ikamnyonyoa nywele, na uvimbe ukanywea. Siku bomba lilipoondolewa, Mwanasha aliwatazama jamaa mmoja mmoja, akamfikia Biasha.

"Shikamoo, dada," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Sanda ya nani hiyo?"

Jamaa wote wakatazama dari. Biasha hakuwa ameiweka chini tangu siku ile.

"Yangu."

Mwanasha aliipima kwa macho.

"Wewe mrefu, dada. Haikutoshi."

Biasha, ambaye hakutoa chozi siku ya kugeuza kitanda, aliketi karibu na mdogo wake akalia, akajifuta kwa ile sanda mpaka ikalowa.