Mashine Inayolia Upande Mmoja

"Norris Entwistle, hiyo mashine ya majani kama inakufa, iache ife! Tangu asubuhi inalia kama paka kabanwa mkia!"

Edna Pickup alikuwa kaegemea ukuta unaotenganisha ua wake na uwanja wa klabu, roli za nywele kichwani, kikombe cha chai mkononi.

"Mashine haina neno," Norris akamjibu. "Masikio yako ndiyo mabovu."

"Yangu? Nani kaimbiwa siku yake ya kuzaliwa pale klabu, akauliza nani kafariki?"

Norris akainamia mashine yake. Amechoka. Miaka thelathini na mmoja anakata majani ya uwanja huu, ambako wazee wa mtaa huviringisha mipira yao mizito kila Jumamosi, na magoti yanamdai kila siku moja ya miaka hiyo. Tangu majani yaanze kuota mwaka huu, yanatoka yameraruka, ncha nyeupe, na uwanja una matuta membamba yanayoufanya mpira uyumbe kama mlevi anayetafuta kwake. Jumatatu katibu wa klabu alimwambia, huku akitazama viatu vyake mwenyewe: Jumamosi kuna mechi kubwa; uwanja ukiwa bado hivi, wataita kampuni ya kukata majani, na ufunguo wa banda la mashine atauomba.

Norris alikuwa amelaumu mvua. Kisha akalaumu mbolea.

Akaipindua mashine juu ya benchi kwa mara ya nne wiki hiyo. Akageuza skrubu ya kushoto robo, ya kulia robo, akachomoa mfukoni kadi ya kuandikia pointi, akaiingiza kati ya visu vinavyozunguka na kile kisu cha chini kilicholala. Akazungusha kwa mkono. Kadi ikakatika.

"Umeona?"

"Nimeona umekata kadi. Nyasi ina unene wa kadi?" Edna akanywa funda la chai. "Zamani si ulikuwa unajaribia gazeti? Hilda kila siku alikuwa ananililia, ukurasa wa mafumbo umetobolewa kabla hajaujaza."

Norris akaifuta spana, ingawa ilikuwa safi.

"Gazeti niliwaambia wa dukani wasilete tena. Msomaji alikuwa yeye."

Hilda, mkewe, alizikwa Novemba. Edna akaweka kikombe juu ya ukuta, akaingia ndani. Akarudi kwa kupitia geti, na ndara zake miguuni, gazeti kwapani.

Norris akachana utepe mwembamba wa gazeti, akaupitisha kati ya visu. Ncha ya kulia, ukakatika. Katikati, ukajikunja. Kushoto ukapita mzimamzima, kama mgeni aliyekuta mlango wazi.

Akaketi juu ya ndoo.

"Kumbe ni mimi," akasema. "Miezi yote hii nara... nararua majani ya watu, nasingizia mvua."

"Utalia baadaye. Zungusha nisikie." Edna akainamisha sikio. "Huku upande wa kulia kunakwaruza. Chuma kinakula chuma."

Norris akalegeza skrubu.

"Bado. Tena kidogo. Hapo! Sasa kunanong'ona."

Wakahamia kushoto, huko Norris akakaza, akajaribu karatasi, akakaza tena. Ikawa Norris ni mikono na Edna ni masikio, na kati ya skrubu na skrubu akapewa habari za mtaa wote: nani kahama na kitanda tu, na nywele za katibu zinapakwa rangi na dada yake jikoni. Saa sita ilipofika, karatasi ilikuwa inakatika toka ncha hadi ncha, bila kujikunja.

Akasukuma mstari mmoja. Majani yakaruka mbele kama chai kavu. Akapiga magoti, shavu karibu na ardhi, akatazama. Sawa. Ncha nyeupe zilikuwepo bado, ila akikata leo, kesho na Jumamosi alfajiri, zingeondoka.

"Itabidi nimwambie katibu haikuwa mvua."

"Mwambie ukiwa umeshiba." Edna alikuwa kafika getini. "Pai ya viazi na nyama iko motoni, na kabichi nyekundu ya siki. Mpaka leo sijajifunza kupika ya mtu mmoja. Gazeti utakuwa unachukua kwangu, ila mafumbo usiyaguse."

Norris akatafuta kisingizio, akakosa.

"Viatu vulia mlangoni," Edna akasema. "Haya, ingia ule."