Tabaga ya Mizunguko Tisini

Siku tatu Rania hakuwa amelala vizuri, na haikuwa kwa ugonjwa wala shida. Ni furaha tu, ilikuwa inamtekenya nyayo. Jumamosi hiyo ya mwezi wa nane, mwaka wa tisini na sita, alitoka Makina, Kibera, asubuhi na mapema, disketi iko kwenye bahasha ya kaki, bahasha iko kwenye mkoba, mkoba ameukumbatia kama mtu aliyebeba mayai. Nyuma yake alikuja shangazi yake, Bakhita. Huyo hakuwa amealikwa.

Bakhita alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, Mnubi wa Kibera kindakindaki, aliyejifunga gurbaba, lile vazi la Kinubi, ya rangi ya chungwa inayoonekana tangu ng'ambo ya barabara. Alikuwa msusi wa tabaga, yale masinia ya ukindu na nyuzi za rangi ya kufunikia chakula harusini, na ndiye aliyemfundisha Rania kusuka tangu akiwa na miaka sita. Sasa Rania ana thelathini na moja, na kwa miezi minne hajamaliza tabaga hata moja. Kila jioni yuko Kawangware, kwenye chuo cha kompyuta. Kwa hiyo shangazi alisema anakuja kuona kwa macho yake hicho kitu kinachokula vidole vya mtoto wao.

Walitembea. Walipita soko la Toi, wakavuka barabara ya Ngong, wakashuka Dagoretti Corner, na njia nzima Rania alieleza na shangazi akaguna.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Pale chuoni mwalimu alikuwa Mulei, mtu mwembamba mwenye saa kubwa, ambaye mwaka uliotangulia alipelekwa kozi ng'ambo, nchi ya baridi. Huko aliona watu wamejaa ukumbini na kompyuta zao, wanaandika programu za kuchora na kuimba bila kazi yoyote ya maana, kisha wanaonyeshana na kupigiana makofi. Hawauzi. Hawafundishi. Ni kutamba tu. Mulei alirudi kama mtu aliyeokoka. Akasema na sisi Kawangware tutafanya sherehe yetu, akakodi ukumbi wa kanisa pale Riruta Satellite, akaweka masharti matatu: kazi iingie kwenye disketi moja, isipite dakika tatu, na watazamaji ndio wapige kura, kila mtu na punje yake ya haragwe.

Zawadi ndiyo iliyomkosesha Rania usingizi. Chuo kilikuwa kimenunua kompyuta mpya, yenye kasi ya kutisha, na ile kuukuu ingepewa mshindi aende nayo nyumbani. Wanafunzi waliiita Kobe. Ukiiwasha, unaweza kwenda kununua chumvi na kurudi kabla haijaamka. Lakini Rania alikuwa amejifunza yote anayoyajua kwenye Kobe. Alijua kitufe chake kinachonata, alijua inavyokohoa ikipata joto. Muda wake chuoni ulikuwa umekwisha wiki iliyopita. Akishinda, Kobe inaenda Makina. Akishindwa, inaenda kwa mwingine, na yeye atabaki na disketi moja ambayo hana mahali pa kuiingiza.

Kazi yake ilikuwa tabaga. Hakuwaza kingine. Alikuwa amesoma kitabu cha kutoa kopi kilichokosa kurasa za mwisho (inasemekana zilifungiwa mandazi), akaandika programu inayosuka kwenye skrini kama mkono unavyosuka: inaanzia kitovuni, inazunguka, inapanuka, mzunguko juu ya mzunguko, rangi kumi na sita, mizunguko tisini. Kwenye Kobe ilichukua dakika mbili na sekunde hamsini. Alikuwa ameipima kwa saa ya Mulei mara ishirini.

Ukumbini walikuta watu themanini hivi. Wengi walikuwa majirani waliosikia kuna chai ya bure, wakakaa kwenye mabenchi ya kanisa kwa adabu kama wanangojea mahubiri. Mbele, kwenye meza yenye kitambaa, kompyuta mpya. Pembeni yake Kobe, imefungwa utepe mwekundu kama bibi harusi wa pili. Na kule kona kulikuwa na mashine moja zaidi, ambayo Mulei aliiweka makusudi kwa wanaochelewa, maana ng'ambo aliona watu wanamalizia kazi zao papo hapo ukumbini, na akaamua kwamba bila hiyo sherehe haijatimia.

Kabla ya kuanza, kila mshindani aliruhusiwa kujaribu kazi yake mara moja kwenye mashine mpya. Washindani walikuwa saba. Rania aliingiza disketi, akabonyeza, akarudi hatua moja nyuma ili apate kuona vizuri.

Skrini ikafanya vwaap. Tabaga ikawa imekwisha.

Hakuna aliyeona ikisukwa. Ilikuwa kama mtu ametupa sahani ukutani. Mulei alitazama saa yake akasema kwa upole kwamba hiyo ni sekunde nne.

"Manze Rania," alisema Austine, "hiyo yako imeisha kabla sijapiga chafya."

Huyu Austine alikuwa fundi wa redio wa Kawangware, kijana wa miaka ishirini na tano, mrefu, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Kazi yake ilikuwa herufi za KAWANGWARE zinazocheza huku nyota zikikimbia nyuma, na muziki wa kompyuta, ti-ti-ti-ta, uliokuwa tayari umewafanya watoto wa mabenchi ya mbele watikise mabega. Kila mtu alijua Kobe ni yake.

Rania alielewa kosa lake palepale. Kitabu hakikuwa na ukurasa wa kuiambia mashine isubiri, kwa hiyo yeye alitunga njia yake: baada ya kila mzunguko, aliiamuru kompyuta ihesabu moja mpaka elfu nne, bila kufanya lolote, ndipo iendelee. Kobe ilihesabu kama mzee anayehesabu ng'ombe. Hii mpya ilimeza elfu nne yote kwa mkupuo.

Alimwendea Mulei akaomba kazi yake ionyeshwe kwenye Kobe. Iko hapo hapo, alisema, ni kufungua utepe tu. Mulei alikuna kidevu. Austine akaingilia kwamba mtu akishaikalia zawadi kabla ya kura, hiyo bado ni zawadi kweli? Watu wakacheka, na Mulei akaamua kwamba Kobe haiguswi mpaka mshindi atangazwe.

Basi Rania akatoka nje, akaketi ukutani karibu na shangazi yake, na badala ya kulia akashikwa na kicheko. Kicheko kibaya, cha kwikwi. Miezi minne, sekunde nne. Alijaribu kumweleza Bakhita na kila akifika kwenye zile elfu nne anaanza upya kucheka.

Bakhita hakucheka. Alikuwa ametoa tabaga yake nusu kutoka kwenye kikapu, anasuka.

"Kwa hivyo uliikalisha hapo ihesabu hewa," alisema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Mimi nilikufundisha kuhesabu hewa?"

Ndani, mshindani wa kwanza alikuwa ameanza, na muziki wake wa kuchongoka ukatoka dirishani. Rania akaona kitu. Mkono wa shangazi ulikuwa ukivuta uzi kila muziki unapogonga. Gonga, vuta. Gonga, vuta. Muziki ulipokatika, mkono ulisimama hewani, sindano imening'inia, unangoja. Ulipoanza tena, mkono ukaenda. Na ndivyo ilivyokuwa kila mara nyumbani: wanawake wanasuka, mmoja anapiga doluka, ngoma ya Kinubi, kwenye chochote kilicho karibu, na hakuna mkono unaohesabu kitu.

Kwikwi ikakatika. Aliinuka mbio, kiatu kimoja kikabaki.

Kwenye mashine ya kona Austine alikuwa anaongeza nyota. Rania alimwambia anataka dakika kumi. Austine alisema hii si choo cha stendi, dadangu, watu wanafanya kazi. Kisha akamtazama usoni, akatazama mguu usio na kiatu, akasimama.

"Kumi tu. Na usiguse nyota zangu."

Ilimtosha. Alifuta ile amri ya kuhesabu, mahali pake akaandika nyingine fupi: kaa hapo mpaka mtu abonyeze kitufe, ndipo usuke mzunguko mmoja. Alikosea mara mbili. Mara ya tatu ikakubali. Kila akibonyeza, mzunguko mmoja. Asipobonyeza, tabaga imetulia kama mkono wa shangazi hewani.

Zamu yake ilipofika, alikwenda kwanza kwa mama aliyekuwa akigawa chai, akachukua karai la mandazi, akayahamishia yaliyobaki kwenye trei, akamwita Bakhita ndani, akaligeuza karai na kumwekea mapajani, mbele ya watu wote. Austine alikuwa ameshatoka kuonyesha, na makofi yake yalikuwa bado moto ukumbini. Aliuliza kwa sauti kama masharti yanaruhusu shangazi. Mulei alisoma karatasi yake, upande wa mbele na wa nyuma. Disketi moja, dakika tatu, kura. Hakukuwa na neno juu ya shangazi.

"Kobe ikienda, inaenda," Rania alimnong'oneza Bakhita. "Wewe piga tu, mimi nitabonyeza."

"Nipige ipi?"

"Ya kumtoa bibi harusi."

Hapo alikosea tena, maana doluka ya kumtoa bibi harusi haina haraka. Bibi harusi anajivuta. Bakhita alinyoosha mgongo, akaliambia karai dum, akangoja, akatazama watu, akasema dum tena. Rania alibonyeza. Katikati ya skrini nyeusi kitovu chekundu kikatokea, kisha duara la manjano, kisha la kijani, taratibu mno. Bila muziki wa ti-ti-ti ukumbi ulinyamaza, watu wakashika vikombe bila kunywa. Ilikuwa nzuri. Lakini Mulei akatangaza dakika moja imekwenda, na mizunguko ilikuwa ishirini. Akatangaza ya pili, nayo ilikuwa arobaini.

Rania hakuweza kumwambia shangazi akaze. Mtu hamharakishi Bakhita, hajawahi kuharakishwa. Akajaribu kubonyeza haraka kuliko karai, akasikia haya, akarudi kwenye dum.

Aliyeokoa mambo ni mtu wa benchi la nyuma, asiyejua lolote kuhusu kompyuta wala bibi harusi. Alianza kupiga makofi kati ya dum na dum. Akajiunga mama wa chai. Wakajiunga watoto. Ngoma ikipewa makofi lazima ijibu, na Bakhita, ambaye hakubali kushindwa na mtu yeyote kwenye doluka, aliitikia. Dum-dum, dum-dum. Kidole cha Rania kikakimbia. Bluu, waridi, nyeupe, tabaga ikapanuka, ikafunguka, ukumbi mzima sasa umesimama, mabenchi yanalia, mtu mmoja anapiga vigelegele kwa Kiluhya, na ikawa wazi kwa kila mmoja kwamba makofi yake ndiyo yanayosuka. Wakipunguza, inapungua. Wakikaza, inaruka. Wakakaza. Sabini. Themanini. Mulei ameinua saa yake juu kama mwamuzi, lakini mguu wake nao umemsaliti, unacheza. Themanini na tisa. Rania akafunga macho akabonyeza ya mwisho, na upindo mwekundu ukajizungusha ukingoni mwa skrini.

Dakika mbili na sekunde hamsini na saba. Mulei alirudia mara tatu kwa sababu hakusikika.

Punje za haragwe zilihesabiwa mbele ya watu. Austine alipata ishirini na sita. Rania arobaini na tatu. Wengine waligawana zilizobaki, na moja ilikutwa imetafunwa.

"Watu wamejipigia kura wenyewe," Austine alilalamika. Hakuna aliyebisha, maana ilikuwa kweli. Lakini ndiye aliyefungua utepe wa Kobe, na ndiye aliyetafuta mkokoteni na kuusukuma mpaka Dagoretti Corner. Njiani alimuuliza Rania, kana kwamba hajali, kama ile amri ya kungoja kitufe inaweza kukaa kwenye nyota.

Makina walifika jua likiwa juu bado. Waliiweka mashine kwenye meza ya sebuleni, wakaunganisha nyaya, na Kobe ikaanza kukohoa pole pole. Shangazi alikwenda msalani na kurudi, bado haijaamka. Ilipoamka, alivuta kiti akaketi yeye, si Rania. Akabonyeza. Mzunguko. Akabonyeza. Hakupiga karai, hakuimba. Alitazama kila mzunguko kwa jicho lile lile analotazamia tabaga za watu sokoni.

Kwenye wa thelathini na moja akasimama.

"Hapa umeruka rangi."

Rania aliinama akatazama. Kweli. Kijani kilipaswa kuwa kimoja, viko viwili. Mara ishirini aliipima kwa saa, na hakuwahi kuona. Alianza kusema kwamba ni sawa, kwamba watu themanini hawakuona, kwamba ameshashinda.

"Fumua," alisema Bakhita.

"Haifumuki, Shangazi. Inakwenda mbele tu."

Shangazi aligeuka akamtazama kama mtu aliyeuziwa kuku bila miguu. Kisha akaondoka kwenye kiti, akakisukuma kuelekea kwa Rania, akaenda kuchukua tabaga yake aendelee kusuka akingoja.

Rania akaketi. Kufumua hakukuwa kwenye kitabu, labda kulikuwa kwenye zile kurasa za mandazi. Alianza kucheka tena, peke yake, akanyoosha vidole, akabonyeza kile kitufe kinachonata.